Mvua ya Milimita Tisa

Kuna wanaume wanaoaminiwa kwa sababu ya ndevu, wengine kwa sababu ya tai, lakini baba wa nyumba hii aliaminiwa kwa sababu hajawahi kuzidisha kitu. Alikuwa mpima mvua. Kila siku saa tatu asubuhi alisimama kwenye uwanja mdogo wa kituo cha hali ya hewa, akachungulia chombo, akaandika tarakimu, na tarakimu hiyo ikaenda makao makuu vile vile ilivyo, haijaongezwa wala haijapunguzwa. Miaka kumi na minne mfululizo. Ukimuuliza kama chai ina sukari ya kutosha, anafikiri kwanza.

Mkewe aliuza dawa kwenye duka la dawa karibu na stendi, naye pia alikuwa mtu wa vipimo: mililita tano, matone kumi, kutwa mara tatu. Ungedhani watu wawili kama hao wangeelewana. Thubutu. Mama alijua kwamba mtoto akitema nusu ya dawa unamwongezea kidogo kwa kukadiria, na maisha yanaendelea. Mumewe hakuwahi kukadiria kitu tangu atoke tumboni, na jambo hilo lilimkera mama kuliko kama angekuwa mlevi. "Mlevi angalau siku moja moja hukosea kwa faida yako," aliwaambia wenzake dukani, nao walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Sasa nyumba yenye mtu wa namna hiyo ilikuwa na sikukuu yake yenyewe, na chanzo chake ni hiki. Siku binti yao wa kwanza alipozaliwa ndipo ilipoanza mvua ya kwanza ya msimu. Magari yalikwama, barabara ikawa tope tupu, na mpima mvua, ambaye alikuwa hajawahi kuonekana akiharakisha, alivua viatu akakimbia pekupeku hadi hospitali, suruali imekunjwa magotini, huku akiimba. Mashahidi wapo. Kesho yake aliangalia kitabu cha kituo akakuta mvua ile ilikuwa milimita kumi kamili. Tangu hapo, kila msimu, siku ya kwanza kipimo cha nyumbani kikifika kumi inaitwa Siku ya Kumi. Watoto hawaogi bafuni, wanaogea mvuani. Turubai linatandazwa uani, linapakwa sabuni, watu wanateleza juu yake kwa matumbo. Chai na keki vinaletwa mezani, na hakuna anayegombezwa kwa kukalia kiti akiwa amelowa chepechepe. Na baba anavua viatu, anaizunguka nyumba mbio mara saba, anaimba wimbo wowote, tena vibaya. Mara moja tu kwa mwaka. Siku zote zilizobaki mtu huyo anakunja hata soksi chafu.

Lakini iwe kumi. Tisa nukta tisa haikuwa kumi, na mama alishachoka kulizungumzia hilo.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka saba, na kwa kuwa aliandika kila kitu, hata majina ya kuku wa jirani, walimwita Karani. Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Bosi, na sababu yake ilijulikana kwa yeyote aliyekaa naye dakika tano. Bosi hakuwa amewahi kuiona Siku ya Kumi, au aliwahi kuiona akiwa mchanga, na hilo halihesabiwi. Mwaka uliotangulia ilimkuta na homa, akalala siku nzima. Karani alimsimulia yote, turubai, sabuni, keki, na Bosi alikubali yote isipokuwa jambo moja.

"Baba hakimbii," alisema.

"Anakimbia. Nimemwona kwa macho yangu."

"Baba anatembea tu. Hajui kukimbia."

Walibishana hivyo mwezi mzima, mezani, kitandani, chooni. Na hapo ndipo ilipokuja barua. Baba alitakiwa kwenda kuanzisha kituo kipya, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na angekaa huko msimu wote wa mvua. Kuondoka ilikuwa Jumapili.

Mama alihesabu siku kwenye kalenda akaona zimebaki sita. Mawingu yalikuwepo, lakini yalikuwa ya kujishaua tu. Jumatatu milimita mbili. Jumanne tatu na nusu. Jumatano nne, na Karani alitokwa na machozi kidogo. Alhamisi na Ijumaa hakuna kitu. Ijumaa jioni mama alipiga moyo konde akamwambia mumewe, "Baba watoto, mwaka huu tuseme nne zinatosha. Mtoto anataka kukuona unakimbia kabla hujaondoka, basi."

Baba alifikiri. Alifikiri kwa haki kabisa, huwezi kumlaumu.

"Nikikimbia kwa nne," alisema, "mwakani watataka kwa mbili. Halafu tutakuwa tunakimbia kwa umande."

"Kwani umande una ubaya gani?"

"Hauna ubaya. Ila si mvua."

Mama alienda kuosha vyombo, na vyombo vile vilioshwa kwa hasira hadi kimoja kikapasuka.

Kipimo cha nyumbani kilikuwa mrija mwembamba wa kioo wenye mistari, na faneli juu yake, umepachikwa kwenye kigingi katikati ya ua, mbali na paa na mti. Jumamosi kabla ya jua kuchomoza, mama alitoka na kikombe cha maji safi. Hakuwa mjinga, hakujaza hadi kumi kamili. Alijaza hadi kumi nukta nne, kwa sababu tarakimu isiyo safi inaaminika zaidi, na hilo ni jambo alilojifunza kwa mumewe. Akarudi kitandani, akajitia kukoroma.

Ambacho hakukijua ni kwamba Bosi naye alikuwa na mpango wake. Bosi aliamka, akachukua kikombe cha chai kilichobaki mezani tangu jana, akakokota kigoda hadi kwenye kigingi, akamimina.

Saa moja baba alitoka uani na daftari la nyumbani, Karani nyuma yake na penseli, mama nyuma ya Karani na uso wa mtu asiyejua lolote. Baba aliinama hadi jicho likawa sawa na maji. Kumi na saba. Maji yalikuwa ya kahawia, na sisimizi wanne walikuwa wameshafika. Baba aliutoa mrija, akanusa, akachovya kidole, akaonja.

"Mvua hii ina maziwa," alisema.

Bosi alitazama anga kana kwamba nayo inahusika.

Mtu mwingine angecheka, akavua viatu, yakaisha. Mama alisimama pale akiomba kimoyomoyo acheke. Baba alichukua penseli akaandika: *Kipimo kimechafuliwa. Hakihesabiwi.* Hakumgombeza mtu, hakuuliza ni nani, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa. Kisha alimkabidhi Karani daftari. "Kuanzia kesho ni lako. Usiandike kitu ambacho hukukiona kwa macho yako." Karani alilipokea kwa mikono miwili, akalala nalo.

Jumapili baba akaondoka. Bosi alimsindikiza hadi getini akiwa amenuna, akamwangalia akienda na begi lake hadi kwenye kona, anatembea.

Jumanne mvua ikaja.

Ilianza alfajiri, mvua ya hasira, ya kupiga mabati hadi watu wanazungumza kwa ishara. Mama aliketi kitandani akamtukana kidogo aliye juu, akaomba radhi. Alipotoka sebuleni alimkuta Bosi mlangoni, kavaa kaptura tu, turubai kalikumbatia peke yake.

"Mama, imefika kumi?"

"Sijui, baba. Dada yako ataangalia."

"Ikifika kumi, baba atakuja akimbie?"

Mama alimtazama yule mtoto. Angeweza kumwambia ukweli, kwamba ikishafika kumi leo, basi, imetoka, ni hadi mwakani. Badala yake alichukua mwavuli, akasema anaenda kuangalia kama kigingi kimesimama sawa, na akatembea kwenye tope hadi kwenye mrija. Arobaini na kitu. Aliuinamisha, akamwaga, akauinamisha tena, na kilichobaki kilikuwa tisa nukta mbili.

Saa moja Karani alitoka na koti la mvua, akachutama, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Tisa nukta mbili," alisema, akaandika.

"Pole, mwanangu," alisema mama. "Lakini sheria ni sheria."

Alijisikia mwenyewe akiyatamka maneno hayo. Miaka minane ya ndoa alikuwa akiyabeza, na sasa yalimtoka mdomoni laini kabisa, kwa sauti ile ile ya mumewe.

Jioni baba alipiga simu, kama alivyoahidi. Karani alimsomea.

"Tisa nukta mbili," alirudia baba. Kila jioni alipokea taarifa ya vituo vyote, na kituo chake cha zamani kilikuwa dakika kumi kwa mguu kutoka nyumbani. "Kituoni wameandika arobaini na tatu."

"Mimi nimeandika nilichokiona, baba."

"Vizuri. Mpe mama simu."

Mama aliipokea.

"Mama watoto, kipimo kiko salama?"

"Salama salimini."

"Hakijapinda?"

"Kimesimama wima kama wewe."

Alimsikia akivuta pumzi. Sasa ataniumbua, aliwaza, sasa atanisomea kanuni. Lakini baba alisema tu kwamba mvua haigawi sawa, inaweza kunyesha upande huu wa barabara ikauacha upande ule, na kwamba waendelee kuandika. Halafu akakata, na mama akabaki na simu mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakujua mumewe anawaza nini.

Basi ikawa hivyo. Mvua ilinyesha kweli kweli mwaka ule. Watu walihamisha magodoro, daraja la sokoni lilipitwa na maji, fundi baiskeli wa nyumba ya pili alifunga kazi akageuka mvuvi wa viatu vya watu. Watoto wake walishinda mvuani wakipiga kelele, na watoto wa mpima mvua waliwatazama kutoka dirishani, wakavu, mikono kwenye kioo. Na kila asubuhi daftari likasema tisa, nane nukta tano, tisa nukta sita, saba.

"Jirani," fundi baiskeli alimuuliza mama siku moja, akiwa amesimama kwenye maji ya kufika magotini, "hivi kwako mvua hainyeshi?"

"Inanyesha," alisema mama. "Ila ya tisa."

Fundi akaenda zake akitikisa kichwa.

Kazi haikuwa rahisi kama mtu anavyoweza kudhani. Siku barabara kuu ilipokatika, mama alikuwa na usingizi, akainamisha mrija kupita kiasi, na Karani akakuta sufuri nukta tatu. Karani alitazama kipimo, akatazama ua uliogeuka ziwa, akatazama kipimo.

"Mama, kitu hiki kimeharibika. Niwaandikie barua kituoni?"

"Usiwasumbue watu, wana kazi nyingi."

"Basi nitaweka kopo pembeni. Baba alisema ukiwa na wasiwasi unapima mara mbili."

Na akaliweka. Kuanzia siku hiyo mama alikuwa na vyombo viwili vya kushughulikia kila alfajiri, na tarakimu zao zilipaswa kukaribiana lakini zisifanane. Alileta kutoka dukani bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa, akalifunga kijimpira chembamba mbele, akawa anafyonza maji hadi kwenye mstari anaoutaka. Alfajiri saa kumi na moja na nusu, kila siku, mwavuli kwapani, anafyonza. Alikuwa sahihi hadi nukta ya mwisho. Ungemwona ungeapa ni mtumishi wa serikali anayesubiri kupandishwa cheo.

Simu za jioni nazo zikawa na desturi yake. Karani anasoma: tisa nukta moja. Baba anajua kituo kimeandika thelathini na nane. Baba anasema, "Karibu kabisa." Bosi anaomba simu anauliza, "Unakuja lini ukimbie?" na baba anasema hajui. Hakuna aliyelizungumzia jambo lenyewe. Mama alianza kuzingoja simu hizo kama msichana wa sekondari, akajionea haya, akaendelea kuzingoja.

Asubuhi thelathini na sita zilipita. Mvua zilianza kuchoka. Kisha baba akapata ruhusa ya siku mbili. Angefika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili kwa basi la mchana.

Jumamosi ilipambazuka na jua kali, anga safi, hakuna hata wingu la kusingizia. Bosi alimfuata baba yake nyuma siku nzima akimwangalia miguu. Walikula, walicheza karata, baba alikagua daftari ukurasa kwa ukurasa, asubuhi thelathini na sita za tisa na nane, na mtu huyu ambaye angegundua tarakimu ya kughushi akiwa amelala, alisema, "Mwandiko mzuri," akalirudisha. Mama alisimama mlangoni. Alitamani kumkumbatia, lakini Karani alikuwepo.

Jioni mawingu yakarudi. Mama alilala akiomba. Na usiku ule baba alilala fofofo kwa uchovu wa safari, mama naye akalala, na mvua ikaja ikanyesha bila mtu kuisikia.

Saa kumi na moja na nusu mwili wa mama uliamka. Sisemi mama, nasema mwili, maana kichwa kilibaki kwenye mto. Miguu ilivaa kandambili, mkono ukachukua bomba, ukafungua mlango, na kwenye mwanga hafifu wa alfajiri jicho likasoma mstari: kumi na moja. Mkono ukafyonza, ukamwaga kwenye majani. Ukafyonza tena. Ulihamia kwenye kopo, ukafyonza huko pia, ukarudi kwenye mrija kumalizia. Ndipo tone baridi lilipomdondokea shingoni na kichwa kikafika.

Mrija ulikuwa umebaki na moja nukta tano.

Alisimama pale kwenye manyunyu na bomba mkononi. Kumi na moja. Ilikuwa kumi na moja, yote halali, imeshuka yenyewe kutoka juu, mumewe akiwa ndani, na yeye ameimwaga kwenye majani kwa mikono yake. Sikukuu nzima ya watoto. Akageuka kukimbilia maji ndani, na mlangoni alikuwepo Karani, ameshavaa koti la mvua, daftari kifuani, amewahi kwa sababu leo baba yupo. Nyuma yake Bosi na kaptura. Nyuma ya Bosi baba, kavaa viatu, kamba zimefungwa.

"Umeamka mapema, mama," alisema Karani.

"Nilikuja kuangalia kigingi." Bomba lilikuwa limeshaingia mfukoni.

Karani alichutama, akafumba jicho moja. Mama alimtazama akijua anachoenda kukiona. Angeweza kusema. Neno moja tu, ilikuwa kumi na moja, nimeimwaga mimi. Lakini neno hilo lingevuta mengine thelathini na sita nyuma yake, na daftari zima la mtoto, lile analolala nalo, lingekuwa karatasi za uongo, na aliyemdanganya ni mama yake.

"Moja nukta tano," alisema Karani kwa sauti ndogo. Akaenda kwenye kopo. "Hapa pia. Karibu mbili."

Bosi hakulia. Alianza kulikunja turubai, polepole, pembe kwa pembe, kama mtu mzima, na hilo mama hakuliweza.

"Baba watoto," alisema, "kuna jambo."

"Ngoja," alisema baba.

Alichukua daftari mikononi mwa Karani. Hakuomba penseli. Alitoa kalamu yake ya wino mfukoni, ile ya kazini, akachutama mbele ya mrija kama alivyochutama maisha yake yote, jicho sawa na maji, akakaa hapo. Mama aliona mkono ule, uliokuwa haujaongeza hata nukta kwa miaka kumi na minne, ukiandika, kwa mwandiko wa kukaguliwa na makao makuu: 10.0. Akatia saini.

Mtu aliyejua hesabu ya kweli alikuwa mmoja tu pale uani, naye alifunga mdomo. Tarakimu ile ilikuwa ya kweli kuliko zote zilizoandikwa tangu baba aondoke, imepunjwa milimita moja tu. Angemwambia, angempa baba amani yake yote. Lakini angemnyang'anya alichokuwa amekifanya sasa hivi, na mama hakuwa tayari kukirudisha.

Karani alisoma, akasoma tena.

"Baba, umedanganya."

"Ndiyo," alisema baba, na akainama kufungua kamba za viatu.

Mama alilisukuma bomba chini kabisa ya mfuko, akaenda jikoni kutafuta sabuni.